Barua ya Maneno Mia Mbili

Katika nyumba ya Abdulatifu Mfaume, mtaa wa nyuma ya soko la Kibiti, ilikuwa marufuku kukohoa kuanzia alasiri mpaka magharibi. Huo ndio muda ambao bwana mwenye nyumba alikuwa akijiandaa na mtihani. Redio ilizimwa. Majirani waliokuja kuomba chumvi walirudishwa mlangoni kwa ishara za mkono. Zuena, mkewe, alikuwa amejifunza kuosha masufuria bila kuyagonganisha, kazi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kufundishwa kwao huko deltani.

Abdulatifu alikuwa na digrii ya sheria. Kibiti nzima ililijua hilo, kwa kuwa mwenyewe hakumruhusu mtu kulisahau. Ilikuwa miaka sita sasa tangu ahitimu, na katika miaka hiyo hakusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu karatasi za kuuziana viwanja, akiwa amekaa kwenye meza ndogo ndani ya duka la steshenari. Aliyeajiriwa dukani hapo alikuwa Zuena, mpiga chapa. Meza ya mumewe iliwekwa kwa hisani ya mwenye duka, ambaye aliipenda kazi ya Zuena na akaona si vibaya kumstahi mume.

Sasa kampuni moja ya mawakili ya Dar es Salaam ilikuwa imetangaza nafasi, na sharti lake la kwanza lilikuwa cheti cha Kiingereza cha kisheria. Mtihani wake ulikuwa na sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuongea na kuandika. Tatu alizipita mwaka uliotangulia. Ya kuandika ilimwangusha, tena matokeo yakaja na maelezo ya mstari mmoja tu, kwamba matumizi yake ya vihusishi ni dhaifu. Vihusishi! Vijineno vya herufi mbili tatu, "to" na "from" na "of", ndivyo vilivyomtupa chini mtu mzima mwenye joho. Alilia siku hiyo, ingawa alimwambia Zuena ni mafua.

Basi akanunua kitabu cha mazoezi na kujitungia mteja. Mteja huyo aliitwa Bwana Henderson, mkazi wa Manchester, mwenye ghala lenye paa bovu na mpangaji mkorofi. Kila siku Abdulatifu alimwandikia Bwana Henderson barua ya ushauri, maneno mia moja na ishirini hadi mia mbili kama mtihani ulivyotaka, kisha kesho yake Zuena akaichapa dukani wateja wakipungua, maana Abdulatifu alipenda kuziona barua zake zikiwa na sura ya ofisi. Kwa miezi miwili, Henderson alipata ushauri mwingi wa kisheria kuliko mtu yeyote wa Kibiti aliye hai. Alikuwa mteja mzuri. Hakuwahi kuuliza swali.

*

Jumatatu ya wiki ya mtihani, Bi Biasha, mama yake Zuena, alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba akiwa na kikapu cha kamba wakavu na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya ncha ya khanga. Alikuwa ametoka kisiwani kwao alfajiri, akavuka mpaka Nyamisati, akapanda pikipiki mbili. Alikuja saa ile ile ya marufuku, na alipobisha hodi Abdulatifu akajibu kwa kugonga meza kwa kalamu.

Kwao, mama mkwe na mkwe hawakai wakatazamana. Bi Biasha alikuwa mtu wa adabu za zamani: alipitia uani, akaketi kwenye mkeka karibu na jiko, akajifunika vizuri. Alichotaka kumwambia mkwewe alimwambia Zuena, na Zuena akakipeleka ndani. Abdulatifu aliupenda sana utaratibu huo. Ulimwezesha kuwa mtu mkubwa bila kuinuka kitini.

"Kuna nini, mama?" Zuena aliuliza kwa sauti ya chini. "Mbona hukupiga simu?"

"Simu haina chaji tangu Ijumaa. Hebu soma hiyo, mwanangu. Mtendaji kanisomea, lakini yule anasoma kama anakimbizwa."

Zuena alisoma. Karatasi ilitoka kwa mradi wa kupanda mikoko. Mwaka jana watu wa mradi walikuja kisiwani kutafuta pahala pa kuoteshea miche, na Bi Biasha akawapa pembe moja ya shamba lake la mpunga, ile inayopakana na mkono wa mto, waitumie msimu mmoja. Msimu ukaisha, miche ikabaki. Sasa mradi ulikuwa unachora ramani ya maeneo yake. Kila mtu ambaye shamba lake lilikuwa na kitalu alitakiwa aeleze kwa barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, ni nani kampa mwenziwe eneo hilo. Shamba lenye mwenyewe lingetolewa kwenye ramani. Anayelima katika eneo la mradi angetakiwa kuondoka baada ya mavuno. Barua zingepokelewa Alhamisi, Nyamisati, mbele ya wenye mashamba wote.

"Mie nimewaazima tu," alisema Bi Biasha. "Nimewaazima pembe, si shamba. Sasa nasikia wamelipima lote kwa kamba. Mwanangu, lile ndilo lililowasomesha. Wakilichukua, mie nitakula nini? Mwambie mkwe wangu aniandikie. Yeye ni mwanasheria."

Zuena akaingia ndani na kunong'ona. Abdulatifu alikuwa katikati ya aya ya pili ya Henderson.

"Mtihani ni Jumamosi," alisema bila kuinua uso. "Unajua maana ya Jumamosi?"

"Ni mistari miwili tu, baba. 'Shamba ni langu, nimewaazima pembe.' Hata mimi naweza kuandika, lakini mama anataka mkono wako. Anakuheshimu."

Neno hilo la mwisho lilimfanya aweke kalamu. Akaichukua karatasi, akaisoma, na polepole uso wake ukachangamka. Palikuwa na mteja. Palikuwa na ardhi. Palikuwa na upande wa pili. Ilikuwa kazi kamili ya mazoezi, na haikumgharimu hata kuitunga.

"Nitaandika kwa Kiingereza," alisema.

"Wamesema hata Kiswahili."

"Kiswahili watakiweka chini ya birika la chai. Hawa ni watu wa miradi, Zuena. Ukitaka wakusikilize, waandikie lugha inayowatisha. Mwambie mteja asubiri."

"Nani?"

"Mama yako."

Zuena akatoka uani. Hakumwambia mama yake kwamba sasa anaitwa mteja. Alimwambia tu kwamba barua itaandikwa, na Bi Biasha akainua mikono miwili akamwombea mkwewe afaulu kila mtihani wa dunia hii.

*

Bi Biasha alikuwa na jambo moja la kusema. Mtihani ulitaka maneno yasiyopungua mia moja na ishirini. Abdulatifu alianza kwa kueleza mteja ni nani, akaendelea kwa kutaja kwamba barua hii haiondoi haki nyingine zozote, akaweka aya nzima kuhusu mafuriko na matukio yaliyo nje ya uwezo wa binadamu, ingawa mto haukuwa umemwaga maji mwaka huo. Alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu. Yalipofika mia moja na themanini alikumbuka kwamba bado hajasema shamba ni la nani.

Hapo ndipo alipolifikia neno lenyewe. Sisi huku kuazima ni kuazima. Mtu humwazima mwenziwe jembe, na mwenziwe akaazima jembe. Neno ni hilo hilo, na hakuna aliyewahi kupoteza jembe kwa sababu hiyo, kwa kuwa wote wawili wanajua limetoka nyumba gani. Kiingereza hakina upole huo. Kina neno la anayetoa na neno la anayechukua. Abdulatifu, mwenye joho, alikuwa na moja tu kichwani. Akaandika kwamba mteja wake "borrowed" mradi shamba.

Akasoma tena, sentensi ikamkera. Kulikuwa na kitu kinachopungua. Akafungua kitabu cha mazoezi kwenye orodha ya vihusishi, akashuka kwa kidole, akakuta kwamba "borrow" hufuatwa na "from". Akatabasamu peke yake chumbani. Mwaka jana asingeliona hilo. Akafuta, akaandika upya kwa mwandiko safi: mteja wake aliazima shamba kutoka kwa mradi. Kihusishi kilikaa mahali pake barabara, na shamba la mama mkwe wake likawa la watu wengine.

*

Kesho yake dukani, Zuena alichapa mpaka mstari huo, akasimama. Zuena aliishia kidato cha nne. Lakini tangu aajiriwe hapo alikuwa amechapa maombi ya kazi na mikataba ya Kiingereza kwa mamia, na mengine hubaki kichwani utake usitake.

"Abdulatifu, samahani," alisema. "Hapa. 'Borrow' si ndiyo ya mtu anayechukua? Anayetoa nadhani ni 'lend'."

Wateja wawili walikuwepo, mmoja anatoa nakala za cheti cha kuzaliwa. Abdulatifu aliwatazama wao kwanza, kisha akamtazama mkewe.

"Wewe una digrii ya nini?"

"Sina."

"Basi mpiga chapa anachapa. Hahariri." Akacheka ili wateja nao wacheke, na mmoja akacheka kidogo kwa adabu. "Hiyo ni lugha ya kisheria, mama. Si Kiingereza cha kuagizia chipsi."

Zuena alihisi masikio yanawaka moto. Mara moja tu, mwezi uliopita, alimrekebishia mkato katika barua ya Henderson, na mumewe hakuongea naye siku mbili. Akajiambia huenda kweli mambo ya sheria yana maneno yake. Akachapa alichoandikiwa, herufi kwa herufi, akaichukia kila moja. Jioni Bi Biasha aliweka kidole gumba chini ya barua asiyoweza kuisoma, akaifunga ndani ya khanga alipoitoa ile karatasi ya kwanza.

*

Alhamisi Abdulatifu alivaa koti. Hakukuwa na sababu ya yeye kwenda Nyamisati, lakini alikuwa amesikia kwamba afisa wa mradi ni msomi kutoka Dar es Salaam, na mtu hajui anayekutana naye atamfahamisha kwa nani. Walipitia Bungu kwa bodaboda mbili, Zuena na mama yake kwenye moja, yeye na faili lake kwenye nyingine. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu, na alipofika alitumia muda mrefu zaidi kulipangusa koti kuliko kuwaamkia wazee.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja na baraza, karibu na zilipolazwa boriti za kusafirishwa. Wenye mashamba walikuwa kumi na tano hivi. Afisa alikuwa mwanamke kijana aitwaye Faudhia, mwenye miwani na sauti ya kuchoka, na kila barua aliisoma kwa sauti kabla ya kuigonga mhuri. Zote zilikuwa za Kiswahili. Mzee Abubakary aliandika kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake: "Shamba langu. Nimewapa msimu mmoja. Msimu umeisha." Mhuri ukagongwa. Ilichukua muda wa kumeza mate.

Ikaja ya Bi Biasha. Faudhia aliifungua, akainua nyusi. "Hii ya Kiingereza," alisema, na watu wakanong'ona, na Abdulatifu akavuta koti lake mbele. Alikuwa na furaha kweli wakati ule. Bi Biasha naye alikuwa na furaha, akamtazama jirani yake wa kulia na wa kushoto, kisha akainamisha uso kwa haya.

Faudhia alisoma kimya. Akarudi juu, akasoma tena.

"Bibi," alisema, "barua yako inasema wewe ndiye uliyeazima shamba kutoka kwetu. Yaani shamba ni la mradi. Ndivyo?"

Mzee Abubakary alisema kwa sauti, "Ala!" Bi Biasha alifungua mdomo, akamtazama Zuena, kisha macho yakamponyoka kuelekea kwa mkwewe na haraka akayaangusha chini. Kumkanusha mkwe mbele ya watu lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliona likifanyika. Akavuta khanga mpaka puani.

"Aliyeandika yupo?"

Abdulatifu alisimama. Palikuwa na sentensi moja ya kusema, nayo ilikuwa fupi, na yeyote hapo angeisamehe. Lakini ingemaanisha kukiri mbele ya msomi wa Dar es Salaam, siku mbili kabla ya mtihani, kwamba hajui kutofautisha kutoa na kuchukua. Akakohoa.

"Mimi ni mwanasheria," alisema. "Niliandika kwa mujibu wa maelezo ya mteja."

Zuena aliinuka kabla hajajijua. "Mama hakusema hivyo! Mama kasema kawaazima nyinyi. Neno lake ni hilo toka siku ya kwanza."

"Naona kuna kosa," alisema Faudhia. "Nami nafunga ramani leo. Mimi nina barua yenye dole gumba la bibi, siwezi kuitupa hivi hivi tu. Aliyekosea aandike hapa kwamba kakosea, asaini, nami nitaiondoa. Asiposaini, hii ndiyo itakayokwenda." Akasukuma karatasi tupu na kalamu mpaka ukingoni mwa meza.

Macho yote yakamgeukia mwenye koti. Abdulatifu aliitazama karatasi ile na jasho likamtoka juu ya mdomo. Kisha uso wake ukapata nafuu ghafla, na Zuena, aliyemjua, akajua kabla hajasema.

"Hilo litakuwa kosa la uchapaji," alisema. "Mimi niliandika sawasawa. Wapiga chapa wetu, dada yangu, unawajua. Ukimkabidhi kitu anakirudisha kingine."

"Kosa la uchapaji ni herufi, kaka. Hili ni neno, na 'from' yake nyuma."

"Wanaongeza," alisema Abdulatifu.

"Mpiga chapa ni nani?"

"Mke wangu."

Mtu mmoja akaguna. Faili lilikuwa kwapani mwa Abdulatifu, na ndani ya faili kulikuwa na mswada, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno lile lile na kihusishi chake. Zuena aliujua ukurasa. Angeweza kusema "fungua faili" na kumvua nguo pale barazani. Alitamani kwa moyo wake wote kufanya hivyo. Lakini mumewe angebisha, angetaja vifungu, angebisha mpaka adhuhuri, na Faudhia alikuwa ameshaitazama saa yake mara mbili. Na mama yake alikuwa amejifunika khanga, mpunga wake ukiwa umebakiza wiki tatu kuvunwa.

Akaenda mezani, akachukua kalamu. Aliandika kwa Kiswahili kwamba yeye, Zuena, ndiye mpiga chapa, na kwamba hajui kuandika, na kwamba kwa sababu hiyo barua ya mama yake imekosewa. Akasaini. Chini yake, bila kuombwa, akaongeza sentensi moja ya Kiingereza, ya maneno tisa.

Faudhia aliisoma: kwamba shamba ni la mama yake, naye amewaazima mradi pembe. Akamtazama Zuena kwa muda, akamtazama na Abdulatifu, akaelewa yote yaliyokuwa ya kuelewa. Akaichana ile ya maneno mia mbili katikati na kugonga mhuri kwenye mpya.

Abdulatifu alikuwa ameinama juu ya bega la mkewe.

"Ungeanza na 'hereby'," alisema. "Ingekuwa na uzito zaidi."



*

Boti ya mashine ya kurudi visiwani ilikuwa inapakia ndoo na magunia. Bi Biasha alitangulia, kikapu kitupu mkononi. Alipofika kwenye ngazi ya ubao alimshika Zuena kiganja na kumuuliza alichosaini.

"Kwamba mimi sijui kuandika, mama."

"Lakini wewe unajua."

"Najua."

Bi Biasha akamwachia mkono ili afute macho yake. Zuena akavua viatu, akavifunga pamoja, akavitia ndani ya kikapu cha mama yake. Abdulatifu alikuwa amesimama pakavu, pale ambapo tope lisingefikia suruali, anamwita yule wa bodaboda asiondoke.

"Twende, Zuena. Jua linakuwa kali."

"Mimi naenda kuvuna na mama."

"Wiki tatu?"

"Zitakazohitajika."

Abdulatifu alifikiri kwanza ni maskhara. Alipoona mkewe ameshakanyaga ubao ndipo sauti yake ikapanda, na watu wa boriti wakageuka kumsikiliza.

"Mtihani ni keshokutwa! Nina barua tatu za Henderson hazijachapwa. Nani atanichapia?"

Zuena alikaa ubavuni mwa mama yake, akakusanya gauni lisilowane.

"Tafuta mtu anayejua, baba," alisema. "Mimi nimeshasaini mbele ya watu kwamba sijui, na mhuri umegongwa."